Chakula Laini cha Mama Mkwe

Chumba cha simu kilikuwa chini ya ngazi, na kabla ya kuwa cha simu kilikuwa cha mafagio. Harufu ya matambara mabichi ilikuwa bado imo. Sindano aliketi humo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, magoti yakigusa meza na kisogo kikigusa ukuta, akisubiri watu wakwame. Kampuni ilitunza lifti za majengo thelathini na mawili, na ndani ya kila lifti kulikuwa na kitufe chenye alama ya kengele. Aliyekwama akikibonyeza, simu ya Sindano hulia, naye huanza na maneno yaliyobandikwa ukutani mbele ya pua yake: "Umefika kitengo cha dharura. Usiogope, na usijaribu kufungua mlango mwenyewe. Fundi yuko njiani. Nitabaki nawe kwenye simu mpaka afike."

Hilo la kubaki kwenye simu halikuwa adabu tu, lilikuwa sheria ya kazi. Ukikata kabla mlango haujafunguliwa, umejifukuzisha. Aliyekwama akilia, unamsikiliza alie. Akitaka kukusimulia ugomvi wake na mwenye nyumba, unausikiliza mpaka mwisho. Siku moja mfuko wa choo ambao Sindano huuvaa tumboni ulibanduka katikati ya simu ya mhasibu mmoja aliyekwama ghorofa ya sita. Aliuhisi ukiachia upande mmoja, kisha uvuguvugu ukashuka chini ya mkanda wa suruali. Dakika arubaini na moja alikaa vile vile, amejikandamiza tumbo kwa gazeti, akimhakikishia mhasibu kwa upole kwamba hewa ndani ya lifti inatosha kabisa. Mhasibu alishukuru mno. Alisema sauti ile imemtoa hofu.

Mfuko wenyewe ulikuwa na miaka miwili. Kabla ya hapo Sindano alikuwa fundi wa lifti kwelikweli, miaka kumi na tisa, mwembamba, kilo sabini na tisa na viatu vyake. Kwenye paa la kila lifti kuna kidirisha cha dharura, sentimita hamsini kwa arubaini, ambacho fundi hupita kwenda juu kwenye kamba na magurudumu. Wenzake walipita kwa kuguna na kutukana. Yeye alipita kama uzi, ndipo wakamwita Sindano. Kisha utumbo wake ukajisokota, kipande kikafa, na madaktari wakamkata usiku huo huo ili naye asife. Alipozinduka alikuta upande wa kushoto wa tumbo lake kumetokezwa mdomo wa utumbo, mwekundu, wa mviringo kama kifungo cha koti, unaotoa choo kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Waliuita stoma. Wakamwambia ndio hivyo, utakuwa nao maisha yote, na watu wanaishi nao vizuri tu.

Ndipo alipoingia Mama Mkwe. Alikuja kuwasaidia kwa wiki mbili, akiwa na begi moja na chujio lake mwenyewe, maana hakuyaamini machujio ya watu. Mwanamke huyu alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na moja katika jiko la hospitali, tena si jiko la hivi hivi, bali meza ya chakula laini, chakula cha waliotoka kupasuliwa tumbo. Wauguzi walimwita Mama Laini, na jina hilo alilivaa kama cheo. Alipomwona mkwe wake amelala kitandani, mashavu yameingia ndani, alifunga kanga kiunoni na kusema, "Huyu niachieni mimi."

Hapo ndipo lilipozaliwa kosa, na ni kosa ambalo mtu mwingine asingeweza kulifanya. Kwa miaka thelathini na moja Mama Mkwe aliwapikia watu waliokatwa utumbo, na kila mmoja alikula laini tangu siku ya kwanza hadi siku ya kutoka wodini. Wakishatoka hakuwaona tena. Kwa hiyo kichwani mwake chakula laini hakikuwa cha muda. Kilikuwa ndicho chakula cha mtu aliyekatwa utumbo, basi, kama vile maziwa yalivyo ya mtoto mchanga. Naye Sindano, badala ya kurudi kliniki kama alivyoagizwa, aliona haya, akawa anamtuma mkewe kwenda kuchukua mifuko dirishani. Wiki mbili zikawa miezi miwili, miezi ikawa miaka.

Kila siku ya Mungu alikula mkate mweupe uliokatwa kingo, wali mweupe ulioiva ukawa kama gundi, viazi vilivyomenywa na kupondwa kwa siagi, mayai, na supu iliyopita kwenye chujio mara tatu mpaka ikasahau kama iliwahi kuwa na mboga. Nyanya ilimenywa ngozi na kutolewa mbegu. Kunde, maharage na majani ya aina yoyote havikuvuka kizingiti. Na kwa kuwa chakula cha namna hiyo hakikai tumboni, saa mbili baadaye njaa ilirudi, na Mama Mkwe, ambaye furaha yake yote ilikuwa kuona sahani tupu, aliijaza tena.

Matokeo yake? Utumbo uligoma. Siku tatu, nne, mfuko mtupu, tumbo limekaza kama ngoma, kisha siku ya tano yote yakaja kwa mpigo, na daima mahali pabaya. Unene nao ukaja bila hodi. Kilo tisini. Mia moja. Mia na nne. Tumbo likafanya mkunjo pale pale penye stoma, na mfuko ukawa haushiki, ukibanduka kama bahasha iliyolambwa vibaya. Kile kidirisha cha sentimita hamsini kwa arubaini kikabaki kuwa ndoto, na kampuni ikamteremsha Sindano kutoka juu ya lifti hadi chini ya ngazi.

Sasa mtu atauliza, kwani hana mdomo, si angesema? Thubutu. Mkwe ni mkwe. Miaka kumi na minne ya ndoa walikuwa hawajawahi kuongea zaidi ya salamu na pole na kazi. Ndani ya nyumba ile ile Mama Mkwe alizungumza naye kupitia kwa binti yake: "Mwambie mwenzio chakula kiko mezani." "Muulize mwenzio kama chumvi inatosha." Naye hujibu kwa mkewe, ilhali wote watatu wameketi meza moja. Kuhusu tumbo lake, mfuko wake, choo chake, neno lilikuwa halijapita. Atatoka wapi hapo mtu wa kumwambia mama mkwe kwamba choo hakitoki?

Msimamizi wa mafundi ndiye aliyetia kiberiti. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na pengo la fundi mmoja na subira ya mtu mwenye pengo. Alisimama mlangoni mwa chumba cha simu, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili.

"Sindano, nakupa wiki kumi na mbili," alisema. "Zikiisha, unapita kidirishani, unajifunga mkanda juu ya paa, unashuka. Ukipita, Jumatatu uko kazini. Usipopita, namwajiri mtu."

"Na mimi?"

Msimamizi akaitazama ile meza, ile simu, ule ukuta. "Simu nayo ni kazi," alisema.

Siku hiyo Sindano aliogopa kuliko siku ya kupasuliwa. Kupasuliwa alikuwa amelala. Hapa alijiona, yuko macho kabisa, akizeeka chini ya ngazi, akiwatuliza watu wanaotoka, yeye habanduki. Akapiga moyo konde akaenda kliniki.

Muuguzi wa kliniki ya mifuko alikuwa binti wa rika la mdogo wake, mwenye maswali ya moja kwa moja. Alimpima, akapapasa mkunjo wa tumbo, akauliza anakula nini. Sindano akataja. Muuguzi akaacha kuandika.

"Kaka, hicho ni chakula cha wiki sita. Ni mpaka mshono wa ndani upone. Wewe umekila kwa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Nani alikwambia uendelee?"

"Mama mkwe."

Muuguzi alikaribia kucheka, akajizuia, jambo ambalo Sindano alimshukuru kwalo moyoni. Kisha akamweleza taratibu. Tatizo lako, alisema, ni kwamba huli nyuzinyuzi kabisa. Nyuzinyuzi ni zile sehemu za mmea ambazo tumbo haliziyeyushi: maganda, majani, pumba ya nafaka, ngozi ya maharage. Ndizo zinazoshika maji na kukifanya choo kiwe laini na kitembee kila siku kwa wakati wake. Ndizo pia zinazomfanya mtu ashibe mapema na akae ameshiba, ndipo uzito unashuka bila kufa njaa. Stoma yako imetolewa kwenye utumbo mpana, tena huku mwishoni, kwa hiyo unaweza. Wapo waliotolewa utumbo mwembamba, hao wana masharti yao, usiwafundishe. Lakini wewe anza kidogo. Kitu kimoja kipya, siku tatu, uone tumbo linasemaje. Tafuna mpaka uchoke. Maji glasi nane, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji ni sawa na kumimina saruji kavu kwenye bomba.

"Na huyo mama," alimalizia, "mlete hapa nimweleze mwenyewe."

"Hapana," Sindano alisema haraka mno. "Nitamwambia."

Hakumwambia. Alimwambia mkewe, jioni, chumbani, kwa kunong'ona. Mkewe alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu nyekundu ikiwa imesimama hewani.

"Mwambie wewe," alisema.

"Ni mama yako!"

"Ndiyo maana. Unataka nimwambie kwamba miaka miwili amekuwa akikudhuru? Kaka yangu ameshamweka mpangaji chumbani kwa Mama, unajua. Hana pa kurudi. Hapa ana kazi. Wewe ndiye kazi yake." Akarudi kwenye madaftari, lakini hakusahihisha chochote. "Usimwambie vibaya, tafadhali."

Basi Sindano akaamua kujitibu kwa siri, na siri yake ilikuwa bakuli la plastiki lenye mfuniko. Nyuma ya jengo la kampuni kulikuwa na mama mmoja aliyewapikia wafanyakazi, na maharage yake yaliiva vizuri. Siku ya kwanza, kwa tamaa ya mtu aliyefungiwa miaka miwili, alisahau habari ya kidogo kidogo. Alikula bakuli zima, akaongeza na sahani ya mboga za majani, akamalizia na matunda mawili na maganda yake. Jioni mezani, mbele ya Mama Mkwe, tumbo likaanza kuhutubia. Stoma haina msuli wa kuizuia. Inasema inapotaka kusema. Ilisema kwa sauti, kwa kituo, na haikuwa na haraka ya kumaliza. Mfuko ukajaa hewa ukainua shati. Mkewe akaanza ghafla kuongea habari za mvua.

"Mwambie mwenzio amepigwa na baridi," Mama Mkwe alisema bila kuinua macho. "Kesho nitachuja na uji."

Baada ya hapo alifuata maagizo. Vijiko vitatu vya maharage, siku tatu. Kisha sita. Kisha mboga za majani zilizokatwa ndogo ndogo. Maji akanywa. Na utumbo, maskini, ukaanza kukumbuka kazi yake: kila asubuhi saa moja na nusu, kwa amani, mfuko unapokea, anabadilisha, anaenda zake. Sindano alikaribia kulia kwa furaha chooni. Lakini mzani wa kliniki ulipopandwa wiki ya nne ulionyesha mia na sita. Kwa nini usionyeshe? Mchana alikula cha Muuguzi, jioni alikula cha Mama Mkwe, na kubakisha kwenye sahani hakuthubutu. Alikuwa akilishwa na pande mbili.

Mambo yalifumuka wiki ya tano, kwa uzembe mdogo. Alisahau kuosha bakuli.

Simu ililia saa tano asubuhi. Taa iliyowaka ilikuwa ya jengo la hospitali, lifti namba mbili. Sindano akasoma maneno yake. Upande wa pili kulikuwa na pumzi nzito, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Mwanangu, nimefungwa humu. Imetikisika, ikasimama. Niko peke yangu."

Alimjua kwa neno la kwanza. Akaita fundi kwa simu ya pili. Fundi akasema yuko mbali, nusu saa, labda pungufu kidogo. Sindano akarudi kwa Mama Mkwe, na kwa mara ya kwanza maishani akaogopa kusema jina lake mwenyewe.

"Usiogope, Mama," alisema kwa sauti ya kazi. "Fundi yuko njiani."

"Siogopi lifti," alisema Mama Mkwe. "Nina mkwe wangu nyumbani, mgonjwa wa tumbo. Atarudi saa kumi na mbili hana chakula. Nimekuja kumtafuta muuguzi mmoja humu ndani. Jana usiku nimekuta kwenye mkoba wa mkwe wangu bakuli lina maganda ya maharage. Maganda! Mtu aliyekatwa utumbo! Ni huyo binti wa kliniki anayemdanganya, binti yangu ameropoka leo asubuhi. Nimelibeba bakuli, ninalo hapa. Nataka aniambie mbele ya macho yangu kwamba anataka kumuua."

Sindano aliangalia ukuta. Angeweza kunyamaza. Alikuwa sauti tu, mama yule hakumjua, na baada ya nusu saa mlango ungefunguka na kila mtu angeendelea na maisha yake. Dakika nne nzima alikuwa ni mtu mwingine. Alimsikiliza akieleza jinsi ya kuchuja supu, jinsi mkwe wake alivyokuja kutoka hospitali amekwisha, na jinsi alivyomrudishia nyama mwilini kijiko kwa kijiko. "Sasa hivi ana mwili," alisema kwa fahari. "Ana mwili kweli!"

"Mama," alisema Sindano. "Ni mimi."

"Wewe nani?" Mama Mkwe aliuliza.

"Ni mimi, mume wa binti yako. Hii ndiyo kazi yangu siku hizi."

"Ee," alisema Mama Mkwe kwa sauti ndogo sana. Ilisikika sauti ya bakuli likiwekwa sakafuni. Kama kungekuwa na mlango, mmoja wao angetoka. Lakini yeye alikuwa amefungiwa na chuma, na Sindano amefungiwa na sheria ya kazi, na fundi alikuwa bado kwenye foleni mahali fulani. Hakukuwa na sahani ya kutazama wala mtu wa kupitishia maneno.

Basi akasema yote. Alisema choo, neno hilo hilo. Alisema siku nne mfuko mtupu. Alisema mkunjo, na mhasibu, na gazeti. Alisema kidirisha na wiki kumi na mbili, na kwamba zimebaki saba, na kwamba akishindwa atakaa chini ya ngazi mpaka astaafu. Alisema wiki sita za chakula laini ni dawa na miaka miwili ni maradhi. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

Mama Mkwe hakumkatiza. Alipoongea tena, ile sauti ya jikoni ilikuwa imemtoka.

"Wale wote niliowapikia," alisema. "Wakitoka pale walikwenda kula nini?"

"Kila kitu, Mama. Kidogo kidogo."

"Hakuna aliyerudi kuniambia."

"Hapana."

"Hata wewe. Uko nyumbani kwako, unakula mkononi mwangu, hukuniambia."

Hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Kisha Mama Mkwe akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua: "Ukishapona, mimi nitakwenda wapi?"

Sindano alifungua mdomo. Kwenye karatasi ya ukutani hapakuwa na jibu la hilo. Akasikia vyuma vikikwaruzana, sauti ya fundi ikisema "shika mkono wangu, mama", na laini ikakatika.

Tangu siku hiyo meza ilibadilika. Hakuna aliyelitaja jambo lile, ila maharage yalitokea, ya kwanza yamepondwa, baadaye mazima. Uji ukawa wa unga usiokobolewa. Mboga za majani zilikatwa kwa ustadi wa miaka thelathini na moja. Chujio lilitundikwa ukutani. Choo kilitembea kama saa, mfuko ukashika. Sindano alianza kuthubutu kutumaini, ingawa mzani, ambao kwa hesabu ya Muuguzi ulipaswa kushuka haraka, ulisuasua. Mia na nne. Mia na tatu. Mia na mbili unusu, ukagoma hapo.

"Mbona unafuata kila kitu?" Muuguzi alishangaa. "Kuna mafuta yanaingia mahali."

"Hakuna," Sindano alisema, na aliamini anachosema.

Siku ya kidirisha, wenzake wote walikuja. Alivaa kinga ngumu juu ya stoma, akafunga mkanda, akapanda ngazi fupi ndani ya lifti. Mikono ikapita, kichwa kikapita, mabega yakapita kwa kujipinda kama zamani. Akaliona tena lile giza la juu, kamba zilizopakwa grisi, magurudumu, na harufu yake ikampiga kifuani kama harufu ya nyumbani. Akajisukuma. Tumbo likakataa. Akatoa pumzi yote, akajisukuma tena, na ukingo wa chuma ukamkaba pande zote, chini ya mbavu, akawa hapandi wala hashuki. Miguu ilining'inia ndani ya lifti mbele ya wenzake. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Iliwachukua watu watatu kumvuta chini.

"Zilibaki sentimita tatu, nne," Msimamizi alisema, akiangalia pembeni. "Pole, ndugu yangu. Kuna fundi mmoja anastaafu mwakani. Tutaona."

Alifika nyumbani saa kumi, jua bado liko dirishani. Mkewe alikuwa ameomba ruhusa shuleni awahi. Mama Mkwe alitoka jikoni akijifuta mikono, akasimama mbele yake, na safari hii hakupitia kwa mtu.

"Umepita?"

"Nimekwama, Mama."

Na uso wa Mama Mkwe ukatulia. Haikuwa tabasamu. Ilikuwa ni ile hali ya mtu aliyebeba ndoo mbali akaitua. Ilidumu kitambo kidogo tu kabla hajawahi kuificha, lakini Sindano aliiona, na mkewe aliiona, na mwenyewe akajua kwamba wameiona. Akaketi kwenye kiti cha karibu.

"Ni siagi," alisema. "Kwenye maharage. Na kwenye uji. Vijiko vitatu, vinne, nakoroga mpaka visionekane. Sikukaa nikapanga, naapa. Ni mkono. Kila nikiinjika sufuria nakuona umevaa ule mkanda wako, halafu naliona begi langu mlangoni, na mkono unakwenda kwenye kopo."

"Mama!" mkewe alisema.

Hasira ilimpanda Sindano mpaka masikioni. Miaka kumi na minne ya heshima ilimtoka kwa mara moja. "Wiki saba!" alifoka. "Wiki saba natafuna, nakunywa maji, nahesabu siku! Nimening'inia pale kama nguo kwenye kamba, watu wananivuta miguu! Kwa ajili ya nini? Si ungeniuliza!"

"Nilikuuliza," alisema Mama Mkwe. "Kwenye lifti. Hukujibu."

Ni kweli hakujibu. Fundi alifika, laini ikakatika, lakini baada ya hapo zilikuwepo wiki saba nzima, asubuhi na jioni, meza moja, naye hakujibu. Na sababu aliijua, ilimwasha sasa mbele ya wanawake hawa wawili: alikuwa akitamani aondoke. Alitamani nyumba yake, sahani yake, mkewe peke yake. Alikuwa amekula maharage yake kwa adabu na kumwacha mama mtu mzima asubiri hukumu jikoni.

Alitazama kile kikopo cha siagi juu ya meza ya jikoni. Alijua kwamba akisema neno moja yule mama angefunga begi lake kesho, bila ugomvi, na angekwenda kukaa kwenye korido ya mwanawe kama mzigo. Alijua pia kwamba akisema neno lile lingine, hatatoka tena. Si mwaka huu wala mwakani. Itakuwa hivi hivi, meza ya watu watatu, mpaka mmoja wao afe.

"Huendi popote, Mama," alisema. "Nikipita nisipopita. Chumba kile ni chako."

Mama Mkwe alilia bila sauti, kanga mdomoni. Mkewe akachukua kopo la siagi akasimama nalo katikati ya chumba, hajui alipeleke wapi. Sindano alikwenda kunawa mikono, akakaa bafuni muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa mikono, maji yakimwagika, kifua kimembana kama bado yuko kwenye ule ukingo wa chuma.

Asubuhi alipotoka chumbani alikuta mzani katikati ya sebule. Mama Mkwe alikuwa amesimama pembeni yake, amefunga kanga kiunoni, miwani puani, futi ya fundi cherehani shingoni na daftari jipya mkononi.

"Vua viatu, mwanangu," alisema. "Na mkanda. Pumua nje, usinidanganye."